Tomaso aliomba kile walichokwisha kupewa wenzake

SWALI: Shikamoo Padri. Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Weti, Pemba, na kazi yangu ni maabara. Kazini siandiki kwamba mtu ana malaria mpaka nimeviona vimelea kwa macho yangu kwenye hadubini. Ramadhani iliyopita tulikuwa zamu ya jioni, wenzangu wanafuturu nami nimekaa nao, rafiki yangu akaniuliza kwa upole kabisa: wewe mtu wa vipimo, unasadiki vipi kwamba mtu alikufa, akazikwa, kisha akatoka kaburini, na hamna hata kitu kimoja cha kushika mkononi? Nilikosa la kusema. Baba yangu tumemzika mwaka huu, na tangu siku ile swali hilo halinitoki. Je, ni dhambi kutaka ushahidi? Na kama upo, uko wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa baba. Mungu ampe pumziko, nawe akupe subira.

Nianze na dhambi, maana nahisi hapo ndipo panapokuuma zaidi. Si dhambi. Najua umekua ukisikia mahubiri ya Jumapili inayofuata Pasaka, yale ambayo Tomaso husimamishwa mbele ya kanisa kama mtoto aliyekosa adabu. Nimewahi kuyahubiri mimi mwenyewe, na leo nayajutia. Isome tena Yohana sura ya 20, taratibu. Jioni ya siku ya kwanza wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu, Yesu anakuja, na mstari wa 20 unasema akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Hapo ndipo walipofurahi. Tomaso hakuwapo. Aliposimuliwa, akasema hatasadiki mpaka azione zile alama za misumari na kutia mkono wake ubavuni. Yaani, ukiacha ule ukali wa maneno yake, aliomba kile walichokwisha kupewa wenzake.

Hakufukuzwa. Wiki nzima alikuwa nao bila kusadiki, na baada ya siku nane Yesu akaja tena, akamwendea moja kwa moja na ombi lake lile lile: lete hapa kidole chako. Wachoraji wa Ulaya wametuzoesha kumwona Tomaso akichokoa jeraha, lakini Injili haisemi popote kwamba aligusa. Inasema alijibu, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Lile neno "wa heri wale wasioona, wakasadiki" linakuja baada ya hapo, Tomaso akiwa tayari ameshapewa alichokitaka, na linatuelekea wewe na mimi tuliozaliwa wakati mikono ile haionyeshwi tena. Ni neno la faraja. Waliolifanya bakora ya kuwachapia wanaouliza wamelitoa mahali pake.

Sasa ushahidi wenyewe. Umeuliza wazi, nami nikujibu wazi: cha kushika mkononi hakuna. Hakuna kitu duniani ambacho ukikiweka juu ya meza yako ya maabara kitathibitisha kwamba Yesu wa Nazareti alifufuka. Vipo vitu ambavyo watu hupenda kuvitaja. Ipo ile sanda ya Turin kule Italia, kitambaa ambacho wengi husema ndicho alichozikwa nacho Yesu. Mwaka 1988 maabara tatu, za Oxford, Zurich na Arizona, zilipima vipande vyake kwa kipimo cha kaboni, zikapata kwamba kitani chake ni cha kati ya mwaka 1260 na 1390. Wako wanaokipinga kipimo kile hadi leo, na sitaki tupoteze muda katika ugomvi wao, kwa sababu hata kama majibu yangekuja kwamba kitambaa ni cha karne ya kwanza, kingetuambia tu kwamba kuna mtu alisulubiwa akafungwa sanda. Alikwenda wapi baada ya hapo, sanda haijui.

Lipo pia kaburi lenyewe, ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu Yerusalemu, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 335 enzi za Kaisari Konstantino wa Roma. Oktoba 2016, wataalamu kutoka Athens waliokuwa wakilikarabati waliinua bamba la marumaru ambalo lilikuwa halijaondolewa kwa karne nyingi, wakakuta chini yake kitanda cha mwamba kiko palepale. Chokaa waliyoichukua huko ikapimwa, ikaonekana ni ya mwaka 345 hivi. Kwa mpenda historia hilo ni jambo zito: mahali panapoheshimiwa leo ndipo palipoheshimiwa na Wakristo wa karne ya nne. Lakini kipimo kinaishia hapo. (Mwambie rafiki yako pia kwamba ufunguo wa kanisa lile na kazi ya kulifungua viko mikononi mwa familia mbili za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh, kwa karne nyingi sasa. Nadhani atafurahi kulijua hilo, kama ninavyofurahi mimi.)

Hebu sasa nikugeuzie swali. Hicho kitu unachokitafuta kingekuwa kitu gani? Ardhi hutoa vyungu, sarafu na mifupa. Mwaka 1968 huko huko Yerusalemu ilipatikana mifupa ya mtu wa karne ya kwanza aliyeitwa Yehohanan, na kisigino chake kilikuwa bado na msumari aliosulubiwa nao. Kwa hiyo adhabu ile tunaijua hata kwa mfupa. Kwa Yesu, ardhi ingeweza kututolea kitu kimoja tu cha maana, nacho ni mifupa yake, na siku itakapoitoa, dini yetu imekwisha. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Paulo mwenyewe amelisema katika 1 Wakorintho 15: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Dai letu ni la namna hiyo mwanangu. Kitu kinaweza kulivunja, lakini hakuna kitu kinachoweza kulithibitisha. Wala usiende kumwambia rafiki yako kwamba kukosekana kwa mifupa ndiyo ithibati. Watu chungu nzima wa zama zile mifupa yao haijulikani ilipo.

Mfano wa jambo hili tunao hapa nyumbani. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Susi, Chuma na wenzao, watumishi wake waliosafiri naye, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, ukavushwa hapa Unguja, ukapelekwa Uingereza. Kule London watu wakauliza swali kama lako: tutajuaje kwamba huyu ndiye? Daktari William Fergusson akaupima mfupa wa mkono wa kushoto, akakuta pale ulipovunjwa na simba huko kusini mwa Afrika karibu miaka thelathini kabla. Ndiye. Akazikwa tarehe 18 Aprili 1874. Ule ni ushahidi wa mwili, nao ulikata shauri, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa ni la maiti. Anayedai kwamba hakuna maiti hana mfupa wa kumpa daktari.

Sasa ingia kanisani kwetu Mkunazini, kanisa alilolijenga Askofu Steere pale palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka huo huo wa 1873. Kuna msalaba wa mti ambao, kwa mapokeo yetu, umechongwa kutokana na ule mti wa Chitambo. Ukiupeleka maabara utaambiwa ni mti wa jamii gani, na pengine umri wake. Kwamba chini yake ulizikwa moyo wa mtu, mti hautakwambia. Hilo tunalijua kwa sababu watu waliokuwepo walisema, nasi tukawaamini. Chuma alifia hapa hapa Unguja mwaka 1882, na watu waliweza kumuuliza. Kwa hiyo hata mtu akiwa ameshika kitu mkononi, kinachomwambia maana ya kile kitu ni neno la shahidi.

Na kuishi kwa neno la shahidi si ugeni kwetu visiwani. Ikifika jioni ya ishirini na tisa Shaabani, wangapi wanauona mwezi kwa macho yao? Wachache sana. Mawingu huwa yamekaa, au mtu yuko jikoni, au amelala hospitali. Kisiwa kizima huanza kufunga kwa neno la walioona. Lakini hawalipokei ovyo. Majirani zangu nimewasikia maisha yangu yote wakiuliza: nani kauona? Kauonea wapi? Ni mtu wa kuaminika? Wangapi wengine? Wakanifundisha kwamba kwa kuanza funga shahidi mmoja mwadilifu anatosha, na kwa kufungua wanatakiwa wawili. Hakuna anayesema hao ni watu wa kuamini gizani. Wanajua tu kwamba mambo yaliyotokea mara moja, mahali fulani, mbele ya watu fulani, hujulikana kupitia watu hao. Nakubali mfano huu una kikomo chake: mwezi utaandama tena mwezi ujao, na aliyekosea atajulikana keshokutwa. Kufufuka kwa Yesu hakurudiwi. Ila maswali yale ya majirani ndiyo hasa ya kuwauliza mashahidi wetu.

Nani kauona, na wangapi? Andiko la kale kuliko yote tulilonalo juu ya jambo hili si Injili, ni barua. Paulo aliwaandikia Wakorintho kama mwaka 54 au 55, na katika sura ya 15 anataja orodha: alimtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, kisha Yakobo, kisha mitume wote, na mwisho yeye Paulo. Juu ya wale mia tano anaongeza kwamba walio wengi bado wako hai. Mtu haandiki hivyo bila kujua kwamba anafungua mlango wa kwenda kuulizwa. Naye anasema orodha hiyo aliipokea, hakuitunga. Katika Wagalatia anaeleza kwamba miaka mitatu baada ya kugeuka kwake alikwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa siku kumi na tano, akamwona pia Yakobo ndugu yake Bwana. Kwa kuwa Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33, orodha hii inarudi nyuma hadi ile miaka ya mwanzo kabisa. Hata Gerd Lüdemann, mwanazuoni wa Ujerumani aliyefika mahali pa kuacha kujiita Mkristo, alikubali kwamba ilikuwapo ndani ya miaka michache tu baada ya msalaba. Kwa hiyo yule anayesema hizi ni ngano zilizokua baada ya vizazi, mwambie atafute hoja nyingine.

Ni watu wa kuaminika? Hapa pana jambo ambalo mimi hulirudia kila mwaka. Injili zote nne zinasema waliofika kwanza kaburini ni wanawake. Katika Yohana anatajwa Mariamu Magdalene peke yake. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile, ameandika kwamba ushahidi wa wanawake haukupokelewa. Luka naye hakuficha: maneno yao yalionekana kwa mitume kuwa ni upuzi. Mtu anayetunga kesi hachagui mashahidi ambao mahakama haitawasikiliza. Waliwaweka wanawake pale kwa sababu wanawake ndio waliokuwa pale.

Mtazame na Yakobo. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye tunamkuta Yakobo akiliongoza kanisa la Yerusalemu, na Josephus anasimulia jinsi alivyouawa kwa mawe mwaka 62. Mtu kumfuata mwalimu wake aliyekufa, hilo tunalielewa. Mtu kuanza kumsujudia kaka yake aliyelala naye chumba kimoja, baada ya kaka huyo kuuawa kifo cha aibu, hilo linahitaji sababu.

Usidhani nakuonyesha upande mmoja tu. Masimulizi ya Injili hayalingani yote: wanawake ni wangapi, malaika mmoja au wawili, Yesu alionekana Galilaya kwanza au Yerusalemu. Wako wanaojitahidi kuyaunganisha mpaka yakae kama mbao za mlango, na mimi sikubaliani nao. Naona ni watu mbalimbali wanaosimulia siku iliyowashtua. Hati za kale zaidi za Marko zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia, bila kumwambia mtu neno, maana waliogopa. Nayo Mathayo 28 inatupa habari kwamba tangu mwanzo wapinzani walisema wanafunzi waliuiba mwili. Maelezo hayo hayajanishawishi kamwe, kwa kuwa watu waliouficha mwili wangejua kwamba wanateswa kwa ajili ya uongo wao wenyewe.

Lenye uzito zaidi ni lile alilolisema Lüdemann mwenyewe: kwamba Petro alikuwa na majonzi na hatia, na moyo wenye majonzi huona. Sitalipuuza hilo mbele ya mtu aliyefiwa mwaka huu. Pengine nawe umeisikia sauti ya baba barazani. Watu wengi huwasikia wapendwa wao, na si wagonjwa wa akili. Lakini angalia wanachosema baada ya hapo. Wanasema nimemwota marehemu, au amenijia. Hakuna anayetoka asubuhi akawaambia majirani kwamba baba kafufuka, twendeni kaburini mkaone. Wayahudi wa wakati ule nao walikuwa na maneno ya kueleza mambo hayo. Katika Matendo 12, Petro alipobisha hodi usiku, waliokuwa ndani walisema ni malaika wake. Juu ya Yesu hawakusema hivyo. Walisema amefufuka, neno ambalo kwao lilihusu mwili na siku ya mwisho, na hakuna aliyetazamia kwamba lingemtokea mtu mmoja katikati ya wiki za kawaida. Halafu yuko Paulo, ambaye hakuwa na majonzi yoyote juu ya Yesu. Alikuwa akiwakamata wafuasi wake. Lüdemann alilitafutia nalo jibu, hatia iliyofichika moyoni. Mimi naona anaijua mioyo ya watu wa kale kuliko inavyowezekana kujulikana.

Hapo ndipo ninapoweza kukufikisha kwa ushahidi. Naona mizani inaelemea upande wa mashahidi. Mwingine mwenye akili timamu na moyo safi ataipima vingine, na ninamheshimu. Lakini ngoja nikupe kisa cha Pinchas Lapide. Huyu alikuwa mwanazuoni Myahudi mshika dini. Miaka ya 1970 alichunguza habari hizi akaandika kwamba ameridhika: Mungu alimfufua Yesu kweli. Na akabaki Myahudi, hakubatizwa. Alikubali tukio, hakumkubali Yesu kuwa Masihi. Nilipoijua habari hiyo kwa mara ya kwanza ilinikosesha usingizi, maana nilikuwa nimedhani ushahidi ukitosha imani inakuja yenyewe. Tena Mathayo 28:17 inasema kwamba hata mlimani Galilaya, walipomwona, walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Walikuwa na kile unachokitaka wewe, mbele ya macho yao, na shaka ikawepo. Basi kusadiki si hatua ya mwisho ya kupima. Ni kujikabidhi kwa aliye hai, na kujikabidhi hufanywa na mtu mzima mzima, akili yake ikiwamo.

Kwa rafiki yako, usiende na hoja hizi zote kama mtu anayemwaga gunia. Mjibu kwa upole aliokuuliza nao. Mwanzo wa jibu ni kwamba ninyi wawili mnakubaliana kwamba Mungu hufufua wafu; yeye anaingoja siku ya Kiyama, nawe unaingoja. Hilo la ajabu zaidi mmeshalipita pamoja, bila kipimo. Pale msipokubaliana ni juu ya nani na lini. Na mweleze kwa ukweli kwamba tofauti yenu inaanza kabla ya kaburi: Kurani 4:157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu, na sisi tunasema alisulubiwa akafa; hata Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo, aliandika karibu mwaka 116 kwamba aliuawa kwa hukumu ya Pontio Pilato. Mkifika hapo mtakuwa mmefika kwenye tofauti ya kweli, na urafiki unaweza kuibeba tofauti ya kweli. Futari yenu iendelee.

Kuhusu baba. Kaburi lake si tupu, wala sitakutuliza kwa kukuficha hilo. Mwili wake umo, na wewe kwa kazi yako unajua kuliko mimi yanayoendelea humo. Tulipomkabidhi kwa udongo tulisema maneno ya tumaini la hakika la ufufuo, na uhakika huo hatukuutoa kwenye lile kaburi. Tuliutoa kwenye jingine. Ndiyo maana swali la rafiki yako limekuingia ndani kiasi hicho, na ndiyo maana nimeandika marefu: ukiuliza kama Yesu alifufuka, sasa unauliza pia juu ya baba yako.

Jumapili wakisimama kukiri imani, simama nao. Ukifika pale penye kufufuka, sauti ikikatika, iache ikatike. Walio kulia na kushoto kwako watakuwa wanaendelea, na siku yao wakinyamaza utakuwa unaendelea wewe. Na ukivuka kuja Unguja, pitia Mkunazini baada ya ibada ya asubuhi, uniulizie. Tutakwenda kuutazama ule msalaba pamoja, uniambie wewe mtu wa maabara unaona mti gani, nami nitakusimulia habari za Chuma na Susi kama nilivyosimuliwa.